Barua pepe ni yako, ufunguo anao nani?

Watu wengi wa Mabatini wana barua pepe ambayo hawajawahi kuifungua. Waliipata siku waliponunua simu. Simu ya Android ikiwashwa kwa mara ya kwanza huomba akaunti ya Google, na muuzaji aliyezoea kazi yake hapotezi muda kumweleza mteja habari za akaunti. Anaichukua simu, anabonyezabonyeza, anatunga jina, anaweka nywila anayoijua yeye, anapakua WhatsApp, kisha anamkabidhi mwenyewe. Mteja analipa na kuondoka. Tangu dakika hiyo ana anwani inayotambulika dunia nzima, yenye kikasha kinachopokea barua, na hajui inaitwaje.

Miezi inapita bila shida yoyote. Halafu simu inaharibika, fundi anaifuta kila kitu, na inapowaka tena inadai akaunti ile ile ya mwanzo pamoja na nywila yake. Kinga hiyo ilianza na Android 5.1 mwaka 2015 ili simu ya wizi isimfae mwizi. Kwa mwenye simu asiyeijua barua pepe yake, kinga hiyo inamfungia nje mwenye mali. Risiti anayo, boksi analo, na simu haifunguki.

Wengine waliipata kwa mlango wa pili, yaani steshenari. Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, karibu tu na katikati ya Jiji la Mwanza ukifuata Barabara ya Nyerere iendayo Musoma. Nyumba zimepanda mlima katikati ya majabali, na bondeni Mto Mirongo unapita kuelekea Ziwa Victoria. Katika mitaa ya namna hii steshenari ni ofisi ya kila kitu: kutoa kopi, kuskani vyeti, kupiga picha za pasipoti, kujaza fomu za mkopo, kuomba kazi. Kijana anakuja na bahasha ya khaki. Hana barua pepe, basi anafunguliwa hapo hapo. Google inataka namba ya simu ya kuthibitisha, simu ya kijana imezima chaji, mhudumu anaweka namba yake mwenyewe ili foleni isogee. Nywila inaandikwa kwenye kaunta buku la dukani, chini ya nywila za wateja wengine.

Mhudumu hana nia mbaya. Anafanya kazi anayolipwa, na kwa siku ile mteja amehudumiwa vizuri. Hasara huja baadaye, na humkuta mteja akiwa peke yake.

Mtu anaweza kuuliza, barua pepe ya nini siku hizi? Nenda Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la dagaa na samaki linalowaleta wafanyabiashara hadi wa Kongo na Rwanda. Bei inapatanwa kwa simu, picha ya mzigo inatumwa WhatsApp, hela inapita kwa wakala. Hakuna anayeandika barua. Nami sioni sababu ya kumshauri mama muuza dagaa aache ujumbe wake wa sauti, unaofika papo hapo, aanze kuhangaika na kikasha. Kwa mazungumzo ya kila siku barua pepe imeshindwa Afrika Mashariki, na imeshindwa kihalali.

Ila kazi yake imebadilika. Imekuwa kitambulisho. Ukitaka kuomba kazi serikalini, akaunti yako katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inafunguliwa kwa barua pepe. Ukitaka kusajili jina la biashara au kampuni BRELA, mfumo unataka barua pepe. Zabuni za umma, ambazo tangu 2023 zinapitia mfumo wa NeST, nazo ni hivyo hivyo. Mfano unaowagusa wazazi wengi zaidi ni wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kila mwaka wa udahili, mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo anachokitaka kwa kutumia namba maalumu ya siri, na namba hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa barua pepe aliyoitumia wakati wa kuomba. Sasa mchukue kijana aliyeombewa chuo steshenari, kwa barua pepe iliyofunguliwa na mhudumu na namba ya simu ya mhudumu. Dirisha la uthibitisho lina tarehe ya mwisho. Namba ya siri imefika salama, ila imefika kwa mtu mwingine, na pengine mtu huyo amehamia Geita.

Ndiyo maana inafaa kuelewa kitu hiki kinavyofanya kazi, angalau kwa kiasi cha kujua mali iko wapi na nani ana ufunguo.

Barua haikai kwenye simu

Watanzania wengi hatukulelewa na mtu wa posta anayepiga hodi mlangoni. Barua ilikaa kwenye sanduku la posta, wewe ukaenda na ufunguo. Asiye na sanduku aliazima la shule, la parokia, la kiwanda, au la mjomba aliyeajiriwa, na barua yake ikasomwa na wengi kabla haijamfikia. Aliyekulia katika utaratibu huo anaielewa barua pepe kuliko anavyodhani, kwa sababu mpango ni ule ule. Barua haiji kwenye simu yako. Inakaa kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva, ndani ya jengo la kampuni uliyofungua nayo akaunti, na simu yako inakwenda kuchungulia kila mara kama kuna jipya. Simu ikitumbukia ziwani, barua zipo. Mtu mwingine akiwa na nywila yako, ana ufunguo wa sanduku hilo hilo, na anaweza kusoma akiwa Buhongwa au Bujumbura bila wewe kuona dalili yoyote kwenye kioo chako.

Anwani yenyewe ina pande mbili zilizotenganishwa na alama ya @. Aliyeichagua alama hiyo ni mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, mwaka 1971, alipofanikiwa kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine zilizokuwa katika chumba kimoja mjini Cambridge, Massachusetts. Upande wa kulia wa alama unataja jengo, upande wa kushoto unataja sanduku ndani ya jengo hilo. Ukibonyeza kutuma, seva yako haianzi kumtafuta mtu. Inatafuta kwanza jengo. Inauliza katika daftari la majina la intaneti ni seva ipi inapokea barua za jina hilo, na kwa majina yote yanayoishia na .tz daftari hilo linasimamiwa hapa hapa nchini.

Jengo likipatikana, seva mbili zinaanza kuzungumza, na mazungumzo yao yana adabu kuliko ya watu wengi. Inayotuma inasalimia na kujitambulisha. Inasema barua inatoka kwa nani, kisha inakwenda kwa nani, kisha ndipo inasoma barua yenyewe. Inayopokea inajibu kwa namba: 250 ni sawa, endelea, 550 ni hapa hakuna sanduku la jina hilo. Utaratibu huo, uitwao SMTP, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982 na msingi wake haujabadilika. Ile barua ya Kiingereza inayokurudia usiku kutoka kwa mtu aitwaye Mailer-Daemon si ya mtu wala si virusi. Ni seva yako inakupa taarifa kwamba imekataliwa, na ukiisoma mpaka chini utaikuta namba hiyo ya 550. Rudi ukatazame tahajia ya anwani uliyoandika. Hatari zaidi ni kosa lisilorudi: ukikosea herufi moja ya jina na kwa bahati mbaya jina hilo likawa na mwenyewe, barua yako na vyeti vyako vimekwenda kwa mtu usiyemjua na hakuna atakayekuambia.

Vijana wawili wakikaa benchi moja pale Mabatini na kutumiana barua kwa Gmail, maneno yao yanapanda mnara, yanaingia kwenye mkongo wa taifa, yanafika Dar es Salaam, yanazama baharini kwa kebo hadi kwenye vituo vya data vya Google nje ya nchi, kisha yanarudi kwa njia ya namna hiyo hiyo kumfikia aliye pembeni. Yote hayo ndani ya sekunde chache, jambo linalotufanya tuamini kwamba barua pepe imeumbwa kwa ajili ya mtandao wa kasi. Sivyo hata kidogo. Barua pepe ilifika kwetu kabla ya kasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa katika mradi wa ESANET uliogharimiwa na shirika la Kanada la IDRC. Walitumia FidoNet, mtandao wa watu wenye kompyuta za kawaida na modemu, ambamo kompyuta moja huipigia nyingine simu, hasa saa ambazo simu ni rahisi, huisukumia furushi la barua na kukata. Wakati huo huo SatelLife, asasi iliyoanzishwa na daktari bingwa wa moyo Bernard Lown, yule aliyekuwa rais mwenza wa jumuiya ya madaktari wanaopinga vita ya nyuklia ilipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985, ilikuwa inawapelekea madaktari wa Afrika barua pepe na makala za tiba kwa mtandao wa HealthNet. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Setilaiti ndogo ilizunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 800, ikapita juu ya kituo mara chache kwa siku. Ikiwa juu, kituo kiliipakia barua zote zilizokuwa zikisubiri na kupokea zilizokuja. Ikizama, watu walirudi kwenye kazi zao hadi ipite tena. Daktari aliuliza swali asubuhi na jibu likaja siku inayofuata, na kwa wakati ule hayo yalikuwa maendeleo makubwa kuliko barua ya ndege iliyochukua majuma.

Uvumilivu huo bado umo ndani ya barua pepe. Mnamo 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. WhatsApp ilizunguka, kurasa zikagoma kufunguka, simu za video zikawa hadithi. Seva ya barua pepe ikikuta njia imefungwa haitupi mzigo. Inauweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida hadi siku nne au tano, kabla haijakata tamaa na kumwandikia mtumaji kwamba imeshindwa. Kwa hiyo usiitume barua ile ile mara saba kwa kuwa mtandao unasuasua. Itume mara moja uiache. La sivyo mtandao ukirudi, ofisa wa watu atapokea maombi saba kutoka kwa mtu mmoja, na atakukumbuka kwa hilo.

Jina la mtumaji huandikwa na mtumaji

Utaratibu wa 1982 uliandikwa na watu waliofahamiana. Haukuuliza kitambulisho. Seva ikitangaza kwamba barua inatoka kwa fulani, inayopokea iliamini, na ndani ya barua mtu angeweza kuandika jina lolote alitakalo, kama vile mtu anavyoweza kuandika nyuma ya bahasha kwamba imetoka Ikulu. Taka za matangazo zilianza mapema zaidi: Mei 1978, muuzaji wa kompyuta Gary Thuerk aliwatumia tangazo watu karibu 400 kwa mpigo, akalaumiwa na wengi na kuuza kompyuta zake.

Viraka vilikuja baadaye. Leo mwenye jina la intaneti anaweza kutangaza hadharani ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake, na barua zikatiwa muhuri wa kihesabu ambao mpokeaji anaukagua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai hivyo wote wanaotuma barua kwa wingi. Ndiyo maana kampuni au shule iliyonunua jina lake la .co.tz au .ac.tz na kumwachia fundi alipachike bila kukamilisha hatua hizo hushangaa barua zake zote kuishia kwenye kasha la taka. Fundi arudishwe amalizie kazi. Si bahati mbaya wala si husuda.

Ila muhuri huo unathibitisha jengo tu. Tapeli akisajili anwani ya Gmail yenye maneno ya ajira na serikali ndani yake, muhuri wake ni halali kabisa, kwa kuwa kweli barua imetoka Gmail. Jicho lako liende upande wa kulia wa alama ya @. Jina linaloishia na .go.tz ni la taasisi za umma, na taasisi hizo zinatakiwa kuwasiliana kwa mfumo wa barua pepe wa Serikali. Barua ya kuitwa kwenye usaili wa serikali inayotoka Gmail, tena ikidai hela ya fomu au ya kipimo cha afya kwa namba ya simu, haina haja ya kuchunguzwa zaidi. Ni ndugu yake ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii, ambao kila Mtanzania mwenye laini ameshaupata. Ule wa simu una pa kupelekwa: Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli.

Kwa wenye biashara Mwanza ipo hila kubwa kuliko hiyo. Mji huu unauza minofu ya sangara Ulaya na mabondo Hong Kong na China, na wenye maduka wake wananunua vifaa Guangzhou. Biashara za namna hii ndizo bado zinaendeshwa kwa barua pepe: ankara, hati za mzigo, namba ya akaunti ya benki. Tapeli akipata nywila ya upande mmoja hachukui chochote. Anakaa kimya, anasoma wiki nzima, anajifunza nani humwandikia nani na kwa lugha gani. Mara nyingine anaweka mpangilio wa kusambaza nakala ya kila barua inayoingia kwenda kwake. Siku ankara kubwa inapotumwa, anaingia katikati na barua inayofanana kila kitu, ikisema kwa upole kwamba benki imebadilika, lipeni huku. Hakuna kirusi na hakuna kiambatisho cha ajabu, kwa hiyo programu ya kuzuia virusi haitakukinga.

Kwa mwaka 2023 peke yake, malalamiko ya utapeli wa aina hii yaliyofikishwa FBI yalihusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Mmoja wa waliofungwa kwa makosa yaliyotokana na mchezo huo ni Ramon Abbas wa Nigeria, maarufu kama Hushpuppi, aliyekamatwa Dubai mwaka 2020 huku akianika magari yake Instagram. Mahakama ya Marekani ilimpa kifungo cha zaidi ya miaka 11 mwaka 2022. Kinga ya utapeli huu ni ya kizamani: ukiambiwa akaunti ya benki imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, usipige ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, usikie sauti ya mtu unayemjua. Dakika tano za simu ya kimataifa ni nafuu kuliko kontena.

Husika na kichwa cha habari hapo juu

Shule zetu zilitufundisha barua rasmi vizuri. Kila aliyepita kidato cha pili anajua YAH: iliyopigiwa mstari, na sentensi ya husika na kichwa cha habari hapo juu. Cha ajabu, barua pepe zetu nyingi zinafika na sentensi hiyo ilhali kichwa cha habari hakipo. Mwandishi ameiacha wazi ile sehemu ya juu iliyowekwa kwa ajili hiyo. Ofisa mwenye barua 300 kwenye kikasha anaona jina lako na nafasi tupu. Andika hapo kile ambacho ungekiweka kwenye YAH, kwa ukamilifu: Maombi ya kazi ya uhasibu msaidizi, na jina lako. Sio Maombi. Sio Habari.

Halafu kuna wanaotuma CV bila neno hata moja ndani ya barua. Ni sawa na kutupa bahasha kwenye meza ya mtu na kuondoka bila salamu. Mistari minne inatosha: Ndugu Meneja, mimi ni nani, naomba nini, nimeambatisha nini, namba yangu ya simu. Kiswahili kinakubalika kabisa pale tangazo lilipoandikwa kwa Kiswahili. Kiingereza cha kunakili kutoka kwa rafiki, chenye jina la kampuni nyingine lililosahaulika katikati, kimewanyima watu kazi. Herufi kubwa mwanzo hadi mwisho zinasomeka kama mtu anayefoka. Na shikamoo, kwa mkubwa unayemfahamu, haijawahi kuharibu barua.

Viambatisho vina kisa chao. SMTP ilitengenezwa kubeba maandishi tu, tena kwa herufi za Kiingereza. Mfaransa na Mjerumani walihangaika na vialama vyao. Kiswahili, kisicho na alama juu ya herufi, kilipita tangu siku ya kwanza. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha utaratibu wa kubeba picha na mafaili kwa kuyageuza kuwa herufi. Ugeuzaji huo unaongeza uzito wa faili kwa takriban theluthi moja, na Gmail haitumi viambatisho vya zaidi ya megabaiti 25. Mtu aliyepiga picha vyeti vyake vinane kwa simu ya kamera kali na kuvipandisha kimoja kimoja anamaliza bando lake na pengine barua isiondoke. Vyeti hivyo hivyo vikiskaniwa kuwa faili moja la PDF vinaweza visifike hata megabaiti tatu. Na faili lipewe jina la mwenye vyeti. Waajiri wamechoka kupokea mafaili arobaini yote yanayoitwa scan0001.

Ukishaliskani faili hilo, jitumie mwenyewe. Nyumba za bondeni kando ya Mirongo zimeingiliwa na maji mara nyingi, na bahasha ya khaki haiogelei. Nakala iliyo kwenye kikasha haichukui nafasi ya cheti halisi, ila inakupa namba ya mtihani na namba ya cheti unapokwenda kuomba kingine.

Kuhusu nakala, neno moja. Katibu wa kikundi anayewaandikia wanachama sitini kwa kuweka anwani zote hadharani amewagawia watu sitini anwani za wenzao bila kuwauliza, na mmoja akijibu kwa wote, wote wanasoma shida zake za mchango. Ipo sehemu ya nakala fiche, aitumie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi.

Namba ya kurejesha

Turudi kwenye ufunguo. Ukisahau nywila, Google haikuulizi jina la mama yako. Inatuma namba za uthibitisho kwenye simu au barua pepe ya akiba iliyoandikishwa kwenye akaunti. Anayemiliki namba hiyo ndiye mwenye akaunti, hata kama jina lililoandikwa ni lako na picha ni yako. Laini nayo isipotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mteja mwingine, kwa hiyo namba ya zamani uliyoiacha kwa sababu ya bando ghali inaweza kuwa mkononi mwa mtu wa Mbeya. Na tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumika. Akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kuomba kazi mara moja, ikasahauliwa, inaweza isiwepo siku unapoihitaji.

Kwenye simu yako ingia sehemu ya mipangilio, bonyeza Google, kisha sehemu ya kusimamia akaunti yako, kisha usalama. Utaona namba ya kurejesha; kama si yako, weka yako. Utaona pia orodha ya vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe, kisha badili nywila. Ukianza na kubadili nywila na kuacha namba ya mtu mwingine, hujabadili kitu. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Nywila iwe sentensi ndefu unayoikumbuka, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na ikibidi iandike kwenye karatasi ikae nyumbani pamoja na kadi ya NIDA. Karatasi ndani ya sanduku la nguo Mabatini ni salama kuliko kaunta buku la dukani.

Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wahudumu wengi wenye nywila za wateja kwenye madaftari hawajui kwamba wamebeba mzigo huo. Ikitokea hasara, wao ndio watakaoulizwa kwanza. Walimu wa sekondari nao wana nafasi ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Kabla kidato cha nne hawajaanza mtihani wa taifa, kipindi kimoja tu kinatosha kila mwanafunzi afungue barua pepe yenye jina lake la cheti na kuandika namba ya mzazi kama namba ya kurejesha, kwa kuwa wengi wao bado hawana laini yao wenyewe. Wenye steshenari nawaomba jambo dogo: geuzeni kibodi ielekee kwa mteja, aandike nywila yake mwenyewe, hata kama foleni imefika barabarani.